Herufi zangu zinaelea: kuchora kwa rangi za maji tangazo lililochujuka ukutani

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Cincinnati, Ohio, huu mwaka wa sita. Njiani kwenda kazini napita jengo la zamani la matofali mekundu, ghorofa tatu, na ubavuni mwake kuna tangazo la kale lililochujuka. Nasoma FLOUR, halafu chini yake WHY NOT NOW, na pembeni kuna duara kubwa. Nyuma ya maneno hayo ni kama kuna maandishi mengine. Naona S kubwa yenye mkia. Nimelichora mara tatu kwa rangi za maji. Ukuta unatoka vizuri, lakini nikishaweka herufi kwa gwashi nyeupe, ile rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga, zinaonekana kama stika iliyobandikwa jana. Nikiizidishia gwashi maji, inakuwa kama maziwa yaliyomwagika. Nakosea wapi? Natumia sanduku la rangi 12 na karatasi ya gramu 200.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nimezitazama picha zako zote tatu, pamoja na ile ya jengo uliyopiga kwa simu. Ukuta wa tatu umeuweza. Ningekuwa jirani ningekupigia kigelegele. Mkono wako hauna tatizo. Tatizo ni mpangilio wa kazi: umejenga ukuta, umeumaliza, umeuacha ukauke, kisha ukapanda kuandika. Hivyo ndivyo alivyofanya fundi wa tangazo lile siku alipolichora, na ndiyo maana lako linaonekana la jana. Umechora tangazo jipya kwenye ukuta wa zamani.

Chukua kanga ya mama iliyofuliwa miaka kumi. Jina lake bado linasomeka pale chini, lakini hebu jaribu kuonyesha kwa kidole herufi inaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Vimefuliwa pamoja, vimeanikwa pamoja, vimepauka pamoja. Herufi zinazoelea ni za kanga ambayo haijakatwa kwenye gora. Basi wewe umechora kanga kuukuu ukaiandika jina kwa kalamu mpya. Dawa yake ni kuacha kabisa kuongeza herufi juu ya ukuta. Herufi ziwepo tangu mkono wa kwanza wa rangi, au zitolewe ndani ya ukuta kwa kufyonza rangi iliyokwisha kuwekwa. Mara nyingi utafanya yote mawili.

Lakini tuanzie ukutani, karatasi ije baadaye.

Maneno uliyoyasoma yanatosha kulitambua tangazo. EVENTUALLY, WHY NOT NOW? ilikuwa kauli ya kuuzia unga wa ngano wa Gold Medal tangu mwaka 1907: mwisho wa yote utautumia tu, sasa unangoja nini? Unga huo ulikuwa wa kampuni ya Washburn-Crosby ya Minneapolis, na jina lake lilitokea huko huko unakoishi. Mwaka 1880 Cincinnati ilikuwa na maonyesho ya kimataifa ya wasaga nafaka, kampuni hiyo ikarudi nyumbani na medali ya dhahabu, na unga ukabatizwa kwa medali. Mwaka 1928 iliungana na wenye vinu wengine ikawa General Mills. Duara lako huenda ndiyo nembo ya medali yenyewe.

Faida ya kujua hili ni kwamba sasa unajua cha kutafuta. Mahali fulani juu ya WHY NOT NOW huenda kulikuwa na EVENTUALLY, herufi 10. Rudi ukaitafute. Ukikuta umebaki mguu wa Y na mgongo wa L basi, vichore hivyo hivyo. Mguu mmoja wa Y usio na mwenziwe utaifanya picha yako isadikike kuliko neno FLOUR lote.

Nenda mvua ikikatika, kabla ukuta haujakauka. Watu wengi hulisubiri jua, na jua ndilo linalolificha tangazo. Rangi iliyozeeka hugeuka unga juu ya tofali, na unga huo ukiwa mkavu hutawanya mwanga kila upande, ukuta mzima ukawa kama umepakwa vumbi. Ukilowa, maji hujaza vile vishimo, mwanga unapenya, na herufi ambazo hukuwahi kuziona zinajitokeza. S yako yenye mkia utaijua ni ya neno gani siku ya mvua. Piga picha siku hiyo, halafu piga nyingine ukuta ukiwa mkavu. Chora ule mkavu ukiwa na ujuzi wa ule uliolowa.

Kuhusu ile rangi. Wachoraji wa matangazo hayo walipewa jina la utani Marekani, mbwa wa ukutani. Walining'inia kwenye ubao uliofungwa kamba kutoka juu ya paa, ndoo za rangi pembeni. Wengine walichora mchoro kwanza kwenye karatasi kubwa, wakaitoboa matundu madogo kufuata kingo za herufi, wakaishikiza ukutani na kuigonga kwa kifuko cha unga wa mkaa. Karatasi ikitolewa, herufi imebaki ukutani kwa nukta nyeusi. Wengine walipima kwa kamba yenye chaki wakaandika kwa mkono mtupu. Rangi nyeupe waliyotumia ilikuwa ya risasi iliyosagwa kwenye mafuta ya kitani. Tofali ni kinywaji kikubwa. Liliyanywa yale mafuta, na risasi ikang'ang'ania vinyweleo vyake. Nyeusi ya masizi iliyojazwa kuzunguka herufi mara nyingi ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kwa hiyo unachokiona leo ni sehemu nyeupe iliyobakia, na nyeusi iliyosalia kama kivuli cha uchafu hapa na pale. Tena pale rangi ilipokaa miaka mingi, tofali lililo chini yake lilikingwa na mvua, kwa hiyo hata rangi ikiisha kabisa, sura ya herufi inaweza kubaki kwenye tofali lenyewe.

Nilipoanza kazi hii nilikosea hapo hapo, kwa sababu nilizoea kuta za kwetu. Tanga na Mombasa ukuta wa duka hupigwa lipu, na tangazo la soda au la sabuni huondoka na lipu yake, kipande kwa kipande, likiacha makovu yenye kingo kali kama ramani. Nilichora matofali ya wenzetu kwa makovu ya lipu yetu, nikashangaa kwa nini hayafanani. Kwenye tofali lisilo na lipu hakuna kovu. Kuna doa.

Na kwa kuwa ni risasi, usikwangue kipande ukaenda nacho nyumbani kulinganisha rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini kuta za zamani bado wanazo. Ukiugusa ukuta, nawa kabla ya kushika brashi, hasa kama una tabia niliyo nayo mimi, mbaya, ya kunyoosha ncha ya brashi mdomoni.

Jambo moja zaidi ukiwa hapo barabarani: linganisha ubavu wa jengo na uso wake. Kwa majengo mengi ya zama zile matofali mazuri, magumu, ya rangi moja, yaliwekwa mbele, mtaani. Ubavuni yaliwekwa ya bei ya chini, mengine yamechomwa sana hadi yakawa ya zambarau, mengine hayakuiva vizuri yakabaki na rangi ya waridi. Matangazo yalipakwa ubavuni. Kwa hiyo ukuta wako hauwezi kuwa wa wekundu mmoja, na hilo ni jema kwako. Tofali la waridi likikaa jirani na herufi iliyopauka, jicho halijui kipi ni kipi. Huko ndiko tunakotaka jicho lipotelee.

Sasa vipimo. Usikisie ukubwa wa herufi. Uhesabu kwa kozi za tofali, kama fundi mwashi. Tofali la kawaida la Marekani likijengwa na mota yake, kozi 3 hufikia inchi 8, karibu sentimita 20. Herufi yenye kozi 15 basi ina urefu wa kama mita moja. Matofali ya zamani hucheza kidogo, lakini kwa picha inatosha. Tazama pia kama kila baada ya kozi tano au sita kuna kozi moja ambayo matofali yamelazwa kichwa nje, yanaonekana mafupi. Kozi hiyo ni kama mstari wa daftari: ukijua FLOUR imekaa juu ya kozi ya tatu ya vichwa, hutapotea tena.

Unapochora kwa penseli, anza na mistari ya kozi chache tu, ile inayopita juu na chini ya kila neno, na iache ikimbilie pale inapokutana mbali. Herufi zikae ndani ya mistari hiyo. Katika picha yako ya pili ukuta unakimbia kwenda kulia lakini herufi zinatutazama usoni, kila moja na upana ule ule. Hilo peke yake lingetosha kuzifanya zielee hata zingekuwa na rangi sahihi. O ya karibu ni pana, R ya mwisho imebanwa. Ukitaka kujua katikati ya neno ni wapi, chora msalaba kutoka pembe hadi pembe ya kisanduku kilichoinama. Mistari inapokutana ndipo katikati yake kwa jicho, na hapatakuwa katikati kwa rula. Tumia penseli ya 2B, mkono mwepesi. Ukimaliza, chukua ufutio laini ufute theluthi moja ya mistari ya herufi kabla hujagusa maji. Nakuambia ufute mapema kwa sababu najua mstari ukiwepo, mkono utaufuata.

Karatasi yako ya gramu 200 ni ya mazoezi. Kwa kazi ya kufyonza rangi itavimba, na ukisugua mara mbili itatoka manyoya. Tafuta ya gramu 300, yenye mparuzo wa wastani. Kama fedha inaruhusu nunua ya pamba tupu, inavumilia kusuguliwa. Kama hairuhusu, karatasi iitwayo Bockingford si ya pamba lakini inaachia rangi kwa urahisi, na kwa tangazo la ukutani huo urahisi ndio unaoutaka. Mimi huitumia kwa picha hizi hata ninapokuwa na ya pamba kabatini.

Katika sanduku lako la rangi 12 unahitaji nne. Siena mbichi, ile ya njano ya udongo, siena iliyochomwa, ya hudhurungi nyekundu, nyekundu ya kutu ya chuma ambayo kwenye tyubu huandikwa PR101, na bluu ya ultramarini, PB29. Ultramarini ni rafiki kwa sababu inaacha chembechembe kwenye vishimo vya karatasi na inakubali kufyonzwa. Ukiona PB15 au PV19, ziweke mbali siku hiyo. Ni rangi nzuri, lakini zikishaingia kwenye karatasi hazitoki, na wewe utahitaji zitoke. Gwashi iweke kwenye droo. Nitakuambia lini uitoe.

Mkono wa kwanza: lowesha ukuta wote, herufi na matofali bila kubagua, kisha upige siena mbichi nyepesi sana yenye tone la ile nyekundu. Unatafuta rangi ya chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Hapa juu iwe na joto zaidi, pale chini iwe baridi kidogo kwa tone la bluu. Iache ikauke kabisa, ukauguse ukuta kwa mgongo wa kiganja. Ukihisi ubaridi, bado. Rangi hii ndiyo nyeupe yako. Umeshazimaliza herufi zote na hujaandika hata moja.

Najua inatisha, kwa sababu kwenye karatasi inaonekana ya njano na chafu. Subiri tofali lije pembeni yake. Nyeupe iliyokaa nje miaka mia haina weupe wowote, ina wepesi tu ikilinganishwa na jirani yake. Nilimpa mwanafunzi mmoja kipande cha karatasi nyeupe ya ofisini akakishike mbele ya ukuta wa namna hiyo, jicho moja amelifumba. Alirudi kimya akaanza upya. Fanya hivyo na wewe.

Mkono wa pili ndio mzito, na hapa sitaki uharakishe. Changanya siena iliyochomwa na nyekundu ya chuma, bwawa la kutosha, na pembeni bwawa dogo la mchanganyiko huo huo ulioongezwa ultramarini. Inamisha ubao wako kidogo ili rangi iteremke. Anza juu, ukipita kuzunguka herufi, lakini ukizunguka kama mtu anayepita jirani na jamaa aliyelala: hapa unamkaribia, pale unamgusa, pale unampita juu kabisa. Mahali ambapo rangi ya tangazo imeisha, brashi yako iingie ndani ya herufi bila kuomba ruhusa. Mahali ambapo imebaki nene, acha ukingo. Kabla sehemu hiyo haijakauka, lowesha brashi nyingine kwa maji safi, ikamue, upitishe kwenye baadhi ya kingo ili nyekundu ivujie ndani ya herufi. Pale ilipovuja kupita kiasi, donoa kwa tishu. Usisugue. Donoa, inua, geuza tishu upande safi, donoa tena.

Unataka kingo za namna tatu: kali, iliyoyeyuka, na isiyokuwepo. Ukihesabu na ukakuta kali ni nyingi kuliko nyingine, tangazo lako bado ni kijana.

Wengi watakushauri gundi ya kuzuia rangi, ile ya majimaji ya mpira unayopaka kwenye herufi, ukapaka ukuta, kisha ukaibandua. Inafanya kazi, ila inatoa kingo kali kila mahali, na kwenye karatasi hafifu huondoka na ngozi ya karatasi. Niliwahi kuisahau kwa siku nne kwenye picha ya ghala. Nilipobandua, ghala lilikuja nalo. Ukiitaka, itumie kama chumvi: mkwaruzo mmoja kwenye L, nukta kadhaa kwenye O, juu ya ule mkono wa kwanza uliokauka na kamwe si juu ya karatasi tupu. Brashi ya kupakia uitie sabuni kwanza, la sivyo umeizika.

Ukuta ukishakauka, chora matofali. Si yote! Picha yako ya kwanza ina kila tofali, kama karatasi ya hesabu, na macho yangu yalichoka kabla hayajafika kwenye herufi. Chora vikundi vya matofali matano, saba, kisha acha nafasi, kisha kikundi kingine. Brashi bapa ndogo, mguso mmoja tofali moja, mengine ya zambarau, mengine ya waridi. Hapa kuna hila iliyonichukua miaka kuigundua, ingawa ukishaisikia utaona ni ya wazi: matofali hayo lazima yapite ndani ya herufi. Ukianza kikundi nje ya F, kiendeleze hadi katikati ya mguu wa F, kwa brashi ile ile iliyokwisha kukauka kidogo na kupungukiwa rangi. Mistari ya mota nayo ipite. Fundi alipaka rangi juu ya mota kama alivyopaka juu ya tofali, na mota ya chokaa ilikuwa ya kwanza kulika na kumwagika, kwa hiyo kila herufi kubwa imekatwakatwa na mistari ya mlalo. Mistari hiyo ndiyo inayoishona herufi kwenye ukuta. Katika picha zako zote tatu mistari ya mota inakoma ikifika kwenye herufi, kama barabara iliyofungwa, kisha inaanza tena upande wa pili.

Kwa brashi kavu, ilaze ubavu wake, uiburuze haraka juu ya karatasi ya mparuzo. Rangi itashika vilima na kuacha mabonde, na hivyo ndivyo rangi inavyobaki kwenye tofali. Karatasi inakufanyia kazi ambayo ungeihangaikia saa nzima.

Ile S ya zamani. Tangazo lililopakwa juu ya jingine ni jambo la kawaida. Ukuta ulikodishwa, mwenye unga akaondoka, wa tumbaku akaingia, au kinyume chake. Rangi ya juu ikishachakaa, ya chini inachungulia, na mwisho zote mbili zinasomeka kwa pamoja bila kujulikana nani wa juu. Kama umeshawahi kuona ukuta wa namna hii London, kule Stoke Newington kwenye tangazo la Walker Bros, mafundi wa kalamu za wino, unaijua hali hiyo ya macho kurukaruka kati ya maneno. Rangi za maji zimeumbwa kwa kazi hii kwa kuwa zinapitisha mwanga. S ichore mapema, baada ya mkono wa kwanza na kabla ya ule mzito, kwa brashi yenye maji mengi na rangi kidogo ya ultramarini iliyochafuliwa na siena iliyochomwa. Iwe baridi kuliko herufi za FLOUR, wala isiwe nyepesi zaidi yake. Ukizitenganisha kwa joto na ubaridi, hutahitaji kuzitenganisha kwa mwanga na giza, na hapo zitakaa ukuta mmoja. Mkia wake ukipotea chini ya W, uache.

Kwa mwanga na giza nakupa kipimo. Piga picha ya kazi yako kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiisoma FLOUR kwa mkupuo mmoja kama kichwa cha gazeti, umezidisha tofauti. Unatakiwa uitafute kidogo, ukiipata ujiulize kama kweli umeiona. Mchoraji wa Marekani Edward Hopper alikuwa na mizani hiyo mkononi. Mwaka 1923 pale Gloucester, Massachusetts, alichora kwa rangi za maji nyumba za watu wa kawaida zenye paa za ajabu ajabu, na jumba la makumbusho la Brooklyn likanunua mojawapo kwa dola 100. Zitazame kwenye intaneti ufumbe macho nusu: mwanga wote ni karatasi iliyoachwa, na vivuli vyake si vizito kama ulivyodhani.

Hatua ya mwisho ni kufua. Ukuta mzima ukiwa mkavu kabisa, changanya ultramarini na siena iliyochomwa hadi upate kijivu cha moshi, maji mengi sana, na brashi bapa ya inchi moja. Pitisha mara moja kutoka juu hadi chini, juu ya matofali, herufi na S, bila kurudi nyuma. Ukirudi utaamsha rangi ya chini. Majengo ya miji ile yalivuta moshi wa makaa ya mawe miongo mingi, kwa hiyo masizi hayo ni ya haki yake. Ongeza kidogo chini ya vizingiti vya madirisha na chini ya zile nyota za chuma zinazoshikilia kuta, kama jengo lako linazo. Kutu yake huteremka kwa michirizi, na mchirizi mmoja ukikatiza O, umeizeesha miaka ishirini. Baada ya mkono huo wa kijivu vyote vitakuwa vimeanikwa kamba moja.

Sasa toa gwashi. Ichanganye na siena mbichi mpaka isiwe nyeupe tena, na uguse mahali patatu, pakizidi panne, pale ambapo rangi ya risasi bado ni nene: pembe ya F, tumbo la R. Kila mguso uwe mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kisha irudishe droo.

Ukipata Jumamosi, nenda American Sign Museum hapo hapo mjini kwako, mtaa wa Camp Washington. Wengi huenda kwa ajili ya taa za neoni. Wewe kaanze na mabango yaliyoandikwa kwa mkono, uone kingo za brashi zilivyo. Mkono wa fundi unapinda mwishoni mwa kila mguu wa herufi, mahali alipoinua brashi, na mpindo huo husalia hata herufi ikishachujuka.

Na ile picha ya tatu usiitupe. Kwanza soma tyubu yako: kama ni gwashi ya kawaida, inalainika tena kwa maji, kama imeandikwa akriliki, haitatoka, hapo pole. Ikiwa ni ya kawaida, chukua maji safi na brashi laini, lowesha herufi moja, hesabu hadi ishirini, kisha donoa kwa tishu. Rudia mara moja tu, kwa sababu karatasi yako ni nyembamba. Nyeupe itatoka, na itaondoka na sehemu ya wekundu uliokuwa chini yake. Karatasi itabaki na doa lenye umbo la F, jepesi kidogo kuliko ukuta, lenye kingo ambazo hata wewe hutajua zimeishia wapi. Fanya zote, kausha, pitisha ule mkono wa moshi, kisha nipigie picha nyingine.